Duka Kubwa la Vifaa vya Safari na Funzo la Kuanguka Kwake

Mwezi Mei mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama pori katika nchi nzima. Tanzania ilikuwa imetangulia kuchukua hatua ya namna hiyo mwaka 1973, ingawa miaka michache baadaye iliuruhusu tena uwindaji chini ya masharti. Kenya haikurudi nyuma. Chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki, kilichoundwa mjini Nairobi mwaka 1934, kilivunjwa mwaka huo huo wa 1977. Mwezi Novemba, miezi sita baada ya tangazo la Kenya, duka maarufu la Abercrombie & Fitch mjini New York, nchini Marekani, lilifunga milango yake. Duka hilo kwa miaka mingi ndilo lililowauzia matajiri wa Marekani bunduki, mahema na mavazi ya kuja kuwindia katika mbuga za Kenya na za nchi jirani.

Isidhaniwe kwamba jambo la kwanza ndilo lililoleta la pili. Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kukimbilia mahakamani tangu Agosti 1976, kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Hata hivyo mambo hayo mawili yalikuwa dalili za mwisho wa zama moja, zama ambazo watu wachache wenye mali nyingi waliweza kutumia miezi mizima porini kwa burudani yao. Historia ya duka hilo yafaa kuchunguzwa, kwani inaonyesha jinsi biashara inavyoweza kuwa na jina kubwa na bidhaa bora, na bado ikafa.

Kampuni ilianzishwa mwaka 1892 na David Abercrombie, katika mtaa wa South Street, karibu na gati za New York. Mwenyewe alikuwa mtu aliyeizoea kazi ya porini, na wateja aliowakusudia walikuwa watu wa namna yake: wapima ardhi, watafutaji wa madini na wawindaji wa kazi. Watu hao walinunua hema kwa sababu bila hema wangelala mvuani. Mwaka 1900 mmoja wa wateja wake, mwanasheria Ezra Fitch, aliingiza mtaji katika biashara hiyo, na mwaka 1904 jina la Fitch likaunganishwa na la mwanzilishi.

Ushirika wa watu hao wawili haukudumu. Abercrombie alitaka duka liendelee kuwahudumia watu wa kazi. Fitch alitaka liwavutie watu wa mjini wenye fedha na nafasi, ambao porini waliona mahali pa kupumzikia. Ugomvi wao, kwa kweli, ulihusu swali moja tu: mteja ni nani? Mwaka 1907 Abercrombie aliondoka, na jibu la Fitch likashinda.

Kwa muda mrefu ilionekana kwamba Fitch alikuwa na haki. Mwaka 1909 kampuni ilitoa kitabu cha orodha ya bidhaa zake, chenye kurasa 456, na kusambaza nakala 50,000. Kila nakala iligharimu dola moja hivi, na gharama hiyo nusura iiangushe kampuni. Lakini maagizo yalipoanza kumiminika, hasara iligeuka kuwa faida. Mwaka huo huo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika madaraka ya Urais wa Marekani mwezi Machi, aliteremka Mombasa mwezi Aprili kwa safari kubwa ya uwindaji. Baadhi ya vifaa vyake vilitoka kwa Abercrombie & Fitch. Huko Nairobi, kampuni ya Newland na Tarlton, iliyokuwa ya walowezi kutoka Australia, ilimpangia msafara na wapagazi.

Msafara huo ulichukua chumvi tani nne kwa ajili ya kuhifadhi ngozi za wanyama, kwa kuwa sehemu ya kazi yake ilikuwa kukusanya vielelezo kwa ajili ya taasisi ya Smithsonian ya mjini Washington. Roosevelt na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kwa mikono yao kabla ya safari kumalizikia Khartoum mwezi Machi 1910. Roosevelt aliyaandika mambo hayo magazetini na hatimaye katika kitabu. Neno la Kiswahili "safari" likawa neno la kawaida vinywani mwa Wamarekani, likiwa na maana finyu ya kwenda Afrika kuwinda.

Ni vema kuangalia biashara hiyo ilivyogawanyika. Ardhi ilikuwa ya Afrika Mashariki, wanyama walikuwa wa Afrika Mashariki, na mabega yaliyobeba mizigo, kwa kawaida ratili zipatazo 60 kwa kila mpagazi, yalikuwa ya watu wa Afrika Mashariki. Lakini bei ya hema, bunduki, viatu na kitanda cha kukunja ililipwa New York kabla mgeni hajapanda meli. Duka liliuza kitu ambacho halikuwa nacho, yaani hamu ya nchi ya mbali, na kitu hicho hakikuligharimu hata senti moja.

Mwaka 1917 kampuni ilihamia katika jengo lake mashuhuri la ghorofa 12, penye barabara ya Madison. Chini ya jengo palikuwa na mahali pa kujaribia bunduki kwa kulenga shabaha. Juu ya paa palijengwa nyumba ya magogo na bwawa la kufanyia mazoezi ya kurusha mshipi wa kuvulia samaki. Fitch alistaafu mwaka 1928, naye akauacha mtaji mikononi mwa wengine. Kampuni iliupita mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 kwa taabu, lakini iliupita. Ernest Hemingway, mwandishi wa vitabu aliyewinda Kenya na Tanganyika, alikuwa miongoni mwa wateja wake. Duka lilijitangaza kuwa ndilo kubwa kuliko yote duniani kwa vifaa vya michezo ya porini.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wakuu wa duka hilo walielekea kuamini hivyo. Lakini methali hiyo haisemi chema kitajiuza kwa nani. Baada ya Vita Kuu ya Pili mteja wa Fitch alianza kuzeeka, na mwanawe hakufuata nyayo zake. Vijana wa Marekani walikwenda milimani na misituni kwa wingi kuliko baba zao, lakini walikwenda kwa miguu, mizigo mgongoni, wakitaka mahema mepesi ya nailoni kwa bei ya kiasi. Hawakuhitaji mahema mazito yaliyokusudiwa kubebwa na watu wengine. Maduka ya bei nafuu nayo yaliuza ndoano, viatu na makoti ya mvua kwa watu wa kawaida.

Kampuni ilijibu kwa njia zilizozidi kuidhoofisha. Ilifungua matawi San Francisco, Colorado na kwingineko, na matawi hayo yakaongeza gharama. Ghala zilijaa bidhaa za thamani kubwa zilizouzwa polepole, na mali iliyolala ghalani ni fedha isiyofanya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilijaribu kuuza kwa bei ya kutupa. Wanunuzi walijazana, lakini jina lililojengwa kwa fahari likaanza kuchakaa. Wazee waliona duka si lao tena, na vijana hawakuona kwamba limekuwa lao.

Upande wa pili wa nchi hiyo hiyo kulikuwa na mfano tofauti. Mwaka 1938, mjini Seattle, Lloyd na Mary Anderson pamoja na wapanda milima wenzao, jumla watu 23, waliunda chama cha ushirika, REI, ili waweze kuagiza kutoka Ulaya mashoka ya barafu kwa bei wanayoimudu. Chama hicho hakikuwa na bwawa juu ya paa. Kilikuwa na wanachama waliojua wanachokihitaji, na ambao ndio waliokuwa wateja. Kilikua na kuwa moja ya biashara kubwa za vifaa vya porini nchini Marekani, na bado kipo hadi leo.

Abercrombie & Fitch ilibakiza jina tu. Mwaka 1978 kampuni ya Oshman's ya mjini Houston ililinunua jina hilo, na mwaka 1988 likauzwa tena kwa kampuni ya nguo. Siku hizi linashonwa katika fulana na suruali za vijana, ambao wengi wao hawajui kwamba zamani lilikuwa jina la muuza mahema.

Kenya, kwa upande wake, haikufilisika kwa kukosa wawindaji. Wageni waliendelea kuja, wakiwa na kamera badala ya bunduki, na kampuni nyingi za safari za Nairobi zikabadili kazi yao. Jambo hili ndilo la kuzingatia. Duka lilipopoteza wateja wake halikubakiwa na kitu, kwa sababu vitu vilivyowapa watu hamu ya kununua havikuwa vyake. Nchi ilipowaaga wawindaji ilibaki na mbuga zake, na mito yake, na tembo wake. Hata hivyo mali hiyo nayo hufilisika isipotunzwa. Mwanzoni mwa karne, Roosevelt alihesabu alichoua. Majangili wa miaka ya 1970 na 1980 hawakujali kuhesabu. Jina la duka laweza kununuliwa na kufufuliwa mara mbili au tatu. Mbuga iliyokwisha wanyama haina mnunuzi wa namna hiyo.