Fahamu: Sultani Makenga, kamanda wa M23 anayesikika kwa nadra

Miji ya Goma na Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, waliozungumza kwenye vipaza sauti walikuwa kiongozi wao wa kisiasa Corneille Nangaa na wanasiasa wenzake. Jemadari wa vita vyenyewe, Sultani Makenga, alibaki nyuma ya pazia.

Makenga ni Mtutsi wa Kongo aliyeanza kubeba bunduki akiwa kijana, katika vita vya waasi wa RPF nchini Rwanda. Baadaye alipigana Kongo chini ya kiongozi wa waasi Laurent Nkunda, kisha makubaliano ya Machi 23, 2009 kati ya waasi hao na serikali yakamvisha sare ya jeshi la serikali akiwa kanali. Tarehe hiyo ndiyo iliyoipa M23 jina. Mwaka 2012 aliasi, na Novemba Goma ikatekwa.

Kilichofuata ni vita ndani ya M23 yenyewe. Mapema 2013 alimpiga mwenzake, Bosco Ntaganda, aliyekimbilia ubalozi wa Marekani mjini Kigali na baadaye kufungwa miaka 30 na mahakama ya ICC. Ushindi huo haukudumu: Novemba mwaka huohuo jeshi la Kongo na brigedi ya Umoja wa Mataifa, iliyoongozwa na Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania, walimfurusha hadi Uganda. Wengi walidhani kaisha. Kumbe! Miaka michache baadaye aliondoka huko kimyakimya, na mwishoni mwa 2021 risasi zikarindima tena.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inaisaidia M23, Kigali inakanusha. Agosti 2024, mahakama ya kijeshi ya Kinshasa ilimhukumu Makenga kifo bila yeye kuwepo kizimbani.