Hadithi ya Nyumba Nayo ni Mtaji

Vitanda, jiko na samani huandikwa kwenye hesabu za hoteli. Hadithi ya nyumba haiandikwi, ingawa mara nyingi ndiyo inayomfanya mgeni akubali kulipa zaidi. Mfano wa jirani ni Hoteli ya Norfolk, Nairobi.

Ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, Nairobi ikiwa bado mji mchanga wa reli. Walowezi wa ukoo wa kilodi waliipenda hata ikabatizwa "Nyumba ya Malodi". Mwaka 1909 alifikia Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, akienda kuwinda. Kitabu chake cha safari hiyo, African Game Trails, kilitoka 1910. Karen Blixen, mwandishi wa Out of Africa (1937), naye alikuwa mteja. Kwa mwenye hoteli, vitabu vya namna hiyo ni tangazo lisilolipiwa.

Mwaka 1927 Abraham Block aliinunua, na familia yake ikaendelea hadi kuwa na kampuni ya Block Hotels. Bomu la Desemba 31, 1980 liliua watu na kubomoa sehemu ya jengo, ambayo ilijengwa upya. Wamiliki walibadilika, jina likaachwa lilivyo, kwa kuwa lina thamani sokoni.

Hata hivyo hesabu hii ina upande wa pili. Machi 16, 1922, umati uliodai Harry Thuku aachiwe ulipigwa risasi na polisi jirani na hoteli. Walowezi waliokuwa kwenye baraza la Norfolk nao walifyatua. Serikali ya kikoloni ilikiri vifo 21. Mkasa huo umo katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, A Grain of Wheat (1967). Hoteli inayomsimulia mgeni habari za malodi peke yake inapunja kipimo.

Dodoma inahusika vipi? Tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia hapa kikamilifu, ushindani wa vyumba ni wa majengo mapya. Lakini Julai 1995 wajumbe wa CCM walikutana Chimwaga kumteua Benjamin Mkapa kugombea urais, na usiku walilala mahali fulani mjini. Mwenye nyumba ya wageni aliyetunza kitabu cha wageni cha mwezi ule ana mali isiyojengeka kwa saruji. Kukitunza ni gharama ndogo. Kikishatupwa hakinunuliki tena.