Mti wa ithembo ukiangushwa na upepo, kuni ni za nani?

Na Mwandishi Wetu

MVUA ya Novemba katika milima ya Mbooni haipigi hodi. Huanza kwa upepo mkali, ukafuatwa na radi, na kabla ya watu kuwahi kuingiza kuku ndani, maji huwa tayari yanateremka kwenye matuta ya mashamba. Asubuhi yake wakazi wa Kikima hutoka kuhesabu hasara: bati lililong'oka, migomba iliyolala chini, mkaratusi uliovunjika katikati kama njiti ya kiberiti. Hayo ni mambo ya kawaida. Mwenye mkaratusi humwita fundi mwenye msumeno wa mashine, mbao zikapasuliwa, matawi yakawa kuni, na maisha yakaendelea.

Lakini tuseme, msomaji, kwamba mti ulioanguka si mkaratusi. Tuseme ni muumo, yule ndugu wa mkuyu ambaye Wakikuyu humwita mugumo, na ambao haujawahi kuguswa na panga tangu babu zako walipokuwa wachanga. Umelala chini, mizizi juu, nusu yake shambani mwa mtu na nusu barabarani. Watoto wamekwisha kuupanda. Akina mama wamesimama kando na kamba za kufungia kuni, wakitazamana. Fundi wa mbao anaupima kwa macho. Nani atakuwa wa kwanza kuukata?

Swali hilo si la mzaha katika milima hii. Masimulizi ya Wakamba yanaeleza kwamba wazee wao walitoka upande wa Kilimanjaro, wakapitia Chyulu na Nzaui hadi wakafika Mbooni, na kutoka hapa wakasambaa kote Ukambani. Jina lenyewe husemekana limetokana na nyati, mbo kwa Kikamba, waliokuwa wamejaa katika misitu ya huku. Kila walipotulia, watu hao walitenga mahali pa kumwomba Mungu na kuwakumbuka wafu wao. Mahali hapo huitwa ithembo. Yakiwa mengi ni mathembo. Aghalabu ni kichaka kidogo chenye muumo au mkuyu mkubwa katikati. Mvua ilipokawia, wazee wa ithembo walikwenda hapo na mbuzi na pombe. Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyekaa Ukambani mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye kitabu chake juu ya Wakamba kilichapishwa mjini Uppsala mwaka 1920, aliandika kuhusu mahali hapo na jinsi miti yake isivyokatwa.

Wengi wa wakazi siku hizi ni wafuasi wa makanisa na hawajaona mbuzi akichinjwa chini ya mti. Hata hivyo, mwombe kijana yeyote wa huko akuletee kuni kutoka kwenye ithembo uone atakavyojikuna kichwa.

Si Ukambani pekee. Marehemu Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza utotoni kuokota kuni chini ya mugumo kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Baadaye, alipokwisha kusoma sayansi, alitambua kwamba miti hiyo ilishikilia udongo wa mteremko na kuhifadhi maji ya chemchemi. Katika kaya za Wamijikenda huko Pwani mwiko huo ni mkali zaidi. Mti ukianguka ndani ya kaya huachwa ulale na kuoza pale pale, na asiye na ruhusa ya wazee haondoki na kijiti. Serikali ilianza kuzitangaza kaya hizo kuwa turathi za kitaifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza katika orodha ya turathi za dunia.

Sheria inasemaje

Turudi Kikima, ambako umati umezidi na chifu amefika. Jambo la kwanza atakalouliza ni hili: mti umeanguka kwenye ardhi ya nani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kila kitu.

Kama ni ndani ya msitu wa serikali, basi mambo ni wazi na ni machungu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inahesabu kuwa mazao ya msitu si mbao tu, bali pia kuni, majani yaliyoanguka, asali, nyasi, hata mawe na mchanga. Kwa hivyo mti haugeuki kuwa mali ya aliyeuona kwanza kwa sababu tu upepo umeulaza. Anayekata au kubeba bila leseni huwa ametenda kosa, na sheria hiyo iliweka faini isiyopungua Sh100,000 au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Wenye nafuu ni wanachama wa vyama vya kijamii vya misitu, waliotiliana mkataba na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Hao huweza kuokota kuni na kuchukua mazao mengine kwa kadiri ya mkataba wao.

Kama ni mti ulioupanda mwenyewe shambani mwako, huna haja ya kutetemeka. Ila ukitaka kupakia magogo kwenye lori uyapeleke Machakos au Nairobi, utahitaji kibali cha kuyasafirisha kutoka kwa ofisa wa misitu. Wengi hulipuuza hilo mpaka wafike kwenye kizuizi cha polisi, na hapo bei ya mbao hupanda ghafla.

Kuna miti mingine ambayo hulindwa popote ilipo, hata ikiwa nyuma ya choo chako. Sheria inampa Rais uwezo wa kutangaza aina fulani ya mti kuwa haiguswi nchini kote au katika sehemu fulani. Mfano ambao watu wa Makueni na Kitui wanaujua vizuri ni msandali. Ulipigwa marufuku kuvunwa mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti. Mafuta yake ya manukato yamo katika kiini na katika mizizi, kwa hiyo wezi hawaukati bali huung'oa. Ndiyo maana maofisa hawaamini kwa urahisi hadithi ya msandali ulioangushwa na upepo. Upepo gani huo unaochagua msandali na kuuacha mgunga uliosimama kando yake?

Tatizo kubwa liko kwenye mti wa ithembo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 63, inataja mahali pa ibada za jadi miongoni mwa ardhi za jamii. Ni maneno mazuri sana kwenye karatasi. Lakini katika sehemu nyingi za Ukambani mashamba yalipimwa na watu kupewa hati miliki miaka mingi kabla ya katiba hiyo, na mathembo mengi yakajikuta ndani ya hati za watu binafsi. Mwenye hati anasema mti ni wake. Wazee wanasema hata baba yake aliupata mti pale. Iwapo Makavazi ya Kitaifa yamekwisha kupatangaza mahali hapo rasmi kuwa turathi, chini ya sheria ya mwaka 2006, hakuna wa kugusa bila idhini. Iwapo hapajatangazwa, kinachobaki ni heshima, na heshima haipigwi muhuri.

Na hapo ndipo penye hatari ambayo umati wa asubuhi hauioni. Mti ukisimama, hata mtu asiyeamini ithembo huona haya kujenga kibanda chini yake. Ukianguka na kukatwa vipande, baada ya miaka miwili hapana alama. Mtoto wa mwenye hati anauza, mnunuzi anaweka ua, na chemchemi iliyokuwa chini ya kivuli inakauka. Kwa maoni ya mwandishi huyu, wazee wanaogombania kuni wanagombania kitu kidogo. Kiwanja ndicho cha kugombania, nacho kipigwe picha na mipaka yake iandikwe siku hiyo hiyo kabla msumeno haujawashwa.

Waliotangulia

Wengine wamepitia msiba kama huu. Mugumo wa Thika ni maarufu: Mugo wa Kibiru, nabii wa Wakikuyu, alitabiri kwamba ukianguka utawala wa Mwingereza utakwisha. Inasimuliwa kuwa wakoloni waliukinga kwa chuma ili usianguke, lakini radi ikaupasua mwaka 1963, na Desemba mwaka huo bendera ikashushwa. Mahali pake leo ni bustani. Huko Ujiji, Tanzania, mwembe ambao chini yake Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871 ulikufa zamani, lakini miembe iliyopo kwenye mnara inasemekana ni uzao wake.

Kisa cha karibuni zaidi ni cha Freetown, Sierra Leone. Usiku wa Mei 24, 2023 dhoruba iliangusha msufi uliokadiriwa kuwa na umri wa miaka 400 na urefu wa mita 70 hivi, mti ambao watumwa walioachwa huru walikusanyika chini yake mwaka 1792 na ambao picha yake ilichapishwa kwenye noti za nchi hiyo. Kilichobaki ni kisiki. Wananchi walilia barabarani kama waliofiwa.

Hapa kwetu Nairobi, mti wa jamii hiyo hiyo ya mikuyu kando ya Waiyaki Way ulinusurika Novemba 2020, pale Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru usikatwe kupisha barabara kuu mpya. Huo ulitishiwa na tingatinga, wala si upepo, lakini watu wa jiji waliupigania kama watu wa Mbooni wanavyoweza kuupigania muumo wao.

Kisa kinachofurahisha ni cha Uingereza. Oktoba 1987 dhoruba iliangusha takriban miti milioni 15 kusini mwa nchi hiyo. Katika bustani ya Kew, London, mwaloni mmoja uliopandwa mwaka 1798 uliinuliwa na upepo pamoja na mizizi yake, kisha ukatua palepale. Ulikuwa mgonjwa tangu awali na wengi walijua umekwisha. Badala yake ukaanza kustawi. Wataalamu waligundua kwamba udongo ulikuwa umekanyagwa na miguu ya wageni kwa miaka mingi hadi mizizi ikakosa hewa, na upepo ndio uliouleta ahueni kwa kuulegeza. Wale wanaoegesha pikipiki na mikokoteni chini ya miti mikubwa ya sokoni wasikilize hapo.

Kabla ya kushika panga

Sasa kwa familia yoyote itakayoamka na kukuta mti mkubwa umelala uani au njiani. Tazama kwanza nyaya za umeme. Usizikaribie hata kama mtaa mzima uko gizani. Nambari ya Kenya Power ni 97771. Watoto wazuiwe kabisa kuingia kwenye shimo la mizizi. Shina likikatwa, kisiki chenye uzito wa udongo huweza kurudi wima kwa ghafla kama mtego, na aliye shimoni hana pa kukimbilia. Matawi yaliyojipinda chini ya shina nayo hufyatuka yakiguswa na msumeno, kwa hiyo kazi hiyo aachiwe fundi anayeijua.

Kama njia imezibwa na kuna mgonjwa wa kupitishwa, kateni mwanya wa kupita na muache shina lilale mpaka chifu na ofisa wa misitu wafike. Picha za simu zinazoonyesha mizizi iliyong'oka zitamaliza ubishi wa kama ni upepo au ni mkono wa mtu.

Na kama ni muumo, msikimbilie kuusafisha wote. Ikiwa sehemu ya mizizi imebaki ardhini, mti huo unaweza kuchipua ukiwa umelala. Zaidi ya hayo, jamaa hii ya miti huota kwa vigingi. Waganda wamefanya hivyo kwa karne nyingi na mutuba, mti unaowapa kitambaa cha magome ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2005. Chagua matawi yaliyonyooka, yenye unene wa mkono na urefu wa mtu mzima. Yaache kivulini mpaka utomvu mweupe ukauke pale palipokatwa, kisha uyachimbie hadi chini ya goti, sehemu ya chini ikiwa chini. Yazungushie miiba, kwa sababu mbuzi wa Mbooni hawajui ithembo. Panda kimoja pale pale mti ulipokuwa, na vingine kwenye mipaka ya kiwanja hicho, mahali ambapo mpimaji wa ardhi hatakosa kuviona.

Haya yafanyike mapema. Mvua za mwisho wa mwaka huku Ukambani huisha Desemba, na kigingi kilichochimbiwa kwenye udongo mkavu hugeuka mti wa kufungia ng'ombe. Atakayengoja mvua za Machi atakuta shina limekauka na matawi yamekwisha kwenda jikoni.