PEUGEOT KUUKUU UANI: MOTOKAA INAPONA, FUNDI JE?

Ukipita Walukuba pale Jinja siku ya Jumapili baada ya ibada, au ukizunguka Namatala kule Mbale saa za jioni, hutakosa kuona boneti imeinuliwa uani kwa mtu. Chini ya motokaa pana miguu miwili inayotokeza, na kando yake pana kijana anayepokeza spana. Motokaa yenyewe mara nyingi ni Peugeot 404 au 504, pengine ni Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, na mara chache ni Morris Minor ambayo mwenyewe aliirithi kwa baba yake.

Sisi wa chama tulikwenda kuwatazama mafundi hawa katika miji yote miwili. Wengi wao ni wanachama wetu wanaotafuta nyongeza ya mshahara, au ni wenzetu waliopunguzwa viwandani wakarudi nyumbani na ujuzi mikononi. Wapo pia vijana ambao hawajawahi kuajiriwa popote. Tulizungumza nao kwa Kiswahili, maana uani kwa fundi mmoja wa Mbale tulimkuta Mgisu, Mteso, Msoga na Mjaluo, na lugha iliyowatosha wote ilikuwa hiyo.

Watu huuliza kwa nini chuma cha miaka hamsini na zaidi kinaendelea kutembea. Jibu moja ni historia yetu. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Jinja ulikuwa mji ambao maduka mengi na gereji nyingi zilikuwa mikononi mwao. Wenye gereji walipoondoka, vijana wa Kiafrika waliokuwa wakiosha vyuma na kufungua nati kwa kibarua ndio waliobaki na kazi. Spana walikuwa nazo, ila njia ya kuagiza spea ilikatika. Miaka ikafuata ya magendo, kahawa ikipandishwa milima ya Elgon kwenda Kenya kupitia Chepkube, na bidhaa zikirudi kwa njia hiyo hiyo. Fundi wa Mbale alijua bei ya seti ya pointi kwa hesabu ya kahawa. Asiyepata spea alichonga. Wazee waliotufundisha sisi kazi walijifunza katika shule hiyo, na ndiyo maana mpaka leo fundi wa huku hakimbilii kutupa kitu.

Jibu la pili limo ndani ya motokaa yenyewe. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na 404 iliyashinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka huo wa 1968 magari 93 yaliondoka na 7 tu yakafika. 504 nayo ilishinda 1975 na 1978. Wafanya biashara wa teksi waliyaona hayo, wakanunua.

Lakini fundi wa uani anaipenda 404 kwa sababu nyingine. Silinda zake si matundu yaliyotobolewa katika bloki. Ni mikebe ya chuma iliyotumbukizwa, na maji ya rejeta yanaizunguka. Ikilika unaichomoa, unatia mingine na pistoni zake, bila kupeleka bloki mjini kwenye mashine ya kutoboa. Kazi hiyo inafanyika chini ya mwembe, ikiwa una subira na mahali safi pa kuweka vyuma. Halafu kuna hendeli. Betri ikifa, mzee anaingiza hendeli kwa mbele, anazungusha, motokaa inaitika. Motokaa za siku hizi zikifa betri zinangoja jirani.

Tuseme kidogo juu ya utunzaji, kwa sababu wanachama wengi wametuuliza.

Adui wa kwanza ni maji ya rejeta. Watu wanajaza maji ya bomba au ya kisima mwaka hadi mwaka, mpaka njia zote zinaziba kwa kutu. Chemsha maji, yapoe, ndipo utie, na mara moja kwa mwaka fungua yote yatoke. Kichwa cha injini ya Peugeot ni cha aluminiamu, kikichemka sana kinapinda, na gasketi mpya juu ya kichwa kilichopinda ni fedha iliyotupwa.

Difu ya 404 inataka uangalifu wa peke yake. Ndani yake gurudumu kubwa ni la shaba nyeusi, nalo huendeshwa na skrubu ndefu ya chuma. Oili nyingine za giaboksi za siku hizi zina dawa ya salfa inayokula shaba. Usikubali muuza duka akuambie oili zote ni sawa. Uliza kama oili hiyo haidhuru shaba, na kama hajui, nenda duka lingine. Difu ikianza kulia, spea yake haipatikani kirahisi hata Kampala.

Pointi za disitributa ziachane milimita 0.4 hivi. Asiye na kipimo hutumia kipande cha kadi, nasi tumeona motokaa zikienda vizuri hivyo, lakini kipimo si ghali na kinadumu maisha. Kabureta isifunguliwe kila inapokohoa. Mara tisa katika kumi kosa liko katika uchafu wa petroli au katika pointi, naye fundi mgeni anakimbilia kabureta kwa sababu ndiyo anayoiona kwanza.

Wenye Morris Minor wana shida yao. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ifikapo mwanzo wa 2006, na nchi ya mwisho duniani kuiacha ilikuwa Algeria mwaka 2021. Lilikuwa jambo jema, maana risasi ile ilikuwa ikiharibu akili za watoto. Lakini ile risasi ilikuwa pia ikilinda makalio ya vali katika vichwa vya chuma cha kusubu kama cha Morris. Sasa vali zinazama polepole, nafasi inakwisha, na injini inapoteza nguvu. Dawa yake ni kutia makalio magumu wakati kichwa kinapofunguliwa. Usikifungue kwa hilo tu ikiwa unaendesha kwenda kanisani na kurudi, angalia nafasi ya vali mara kwa mara, basi.

Motokaa hizi zina faida pia. Tangu Oktoba 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza motokaa yenye umri wa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo kuukuu iliyo nchini haitaletewa mwenzake. Maarusi wanazikodi. Mzee mmoja wa Jinja, mwenye 404 nyeupe, alituambia kwamba harusi za mwezi wa Desemba zinamlipia karo ya wajukuu wa muhula wa kwanza.

Sasa tuje kwenye jambo lililotutoa ofisini.

Mwenzetu mmoja wa Mbale, fundi wa umri wa miaka 38, alikuwa akitengeneza 504 ya tajiri mmoja nyumbani kwa tajiri huyo. Kazi ilikuwa ya miezi mitatu, kunyoosha bodi na kufungua giaboksi. Kila Jumamosi alilipwa. Jeki ilikuwa moja, nayo ilikuwa ikivuja. Motokaa ikawekwa juu ya matofali. Siku ya mvua ardhi ikalainika, tofali moja likapasuka katikati, na motokaa ikashuka juu ya paja lake. Kijana aliyekuwa akimpokezea spana alipiga kelele mpaka majirani wakaja kuinua. Mfupa ulivunjika mahali pawili. Tajiri alilipa siku ya kwanza ya hospitali. Siku ya pili akasema, “Huyu si mfanya kazi wangu, alikuwa akinisaidia tu.”

Maneno hayo, alikuwa akinisaidia tu, tumeyasikia Jinja, Mbale na mpaka Tororo. Fundi wa gereji ana mlango na mwenye mlango. Fundi wa uani anaingia kwa mtu kama mgeni, anatoka kama mgeni, na akiumia anabaki mgeni.

Sheria ya Fidia ya Wafanya kazi ya mwaka 2000 inamlinda mtu anayefanya kazi kwa malipo, lakini inamwacha nje yule fundi anayejitegemea, anayepatana bei ya kazi nzima na kuleta vyombo vyake. Basi ugomvi wote unakuwa hapo: ulikuwa mtu wa tajiri, au ulikuwa mtu wa nafsi yako? Wengi wanadhani pasipo karatasi hakuna madai. Si kweli. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatambua mapatano ya mdomo. Kinachotakiwa ni ushahidi kwamba mapatano yalikuwapo.

Tulimwuliza mwenzetu alikuwa akilipwaje. Akasema kwa simu. Tukafungua simu yake pamoja naye, na humo mlikuwa na jumbe kumi na moja za fedha, Jumamosi kwa Jumamosi, kiasi kile kile, kutoka namba ile ile. Spana zilikuwa za nani? Za tajiri, alizinunua mwenyewe. Nani alipanga saa za kuanza? Tajiri. Kijana wa spana alikubali kusema aliyoyaona. Tulipeleka hayo yote kwa afisa wa kazi. Tajiri aliitwa, akaja na hasira, akaondoka ametulia. Mpaka tunapoandika haya amelipa nusu ya walichopatana, na mwenzetu anatembea kwa fimbo. Hatusemi kwamba ni ushindi mkubwa. Paja lile halitarudi kama lilivyokuwa, na kazi ya kulala chini ya motokaa ameiacha.

Kwa hiyo, fundi, kabla hujaingia chini: jeki ni ya kuinulia, haikuumbwa kushikilia. Tofali la kuchoma halifai hata kidogo, hupasuka bila kutoa habari. Tumia stendi za chuma, au magogo mapana ya mti mgumu yaliyopangwa kwa kupishana, juu ya ardhi kavu. Zuia magurudumu yaliyobaki chini. Isukume motokaa kwa bega kabla ya kuiamini. Na hendeli ile tuliyoisifu, ishike kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudisha nyuma, gumba lililozunguka hendeli linavunjika.

Hatari nyingine haina kelele, na tunaiogopa zaidi. Viatu vya breki na sahani za klachi za motokaa hizi za zamani vilitengenezwa kwa asbesto. Tuliona Jinja fundi akifungua ngoma ya breki, akaleta mdomo karibu, akapuliza. Vumbi lilimfunika yeye na mwanawe wa miaka kama sita. Vumbi hilo likiingia mapafuni halitoki. Ugonjwa wake unakuja baada ya miaka 20, 30, hata 40, nao ni pamoja na saratani. Fundi akifa hivyo watu husema ni kifua kikuu, au karogwa, na hakuna anayekumbuka ngoma za breki. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya asbesto mwaka 1986, ambao Uganda nayo imeuridhia. Mkataba haujafika uani.

Usipulize, wala usitumie pampu ya upepo. Mwaga maji yenye sabuni polepole, pangusa kwa kitambaa kilicholowa, tia kitambaa hicho katika mfuko na kuufunga. Usifagie kavu. Nguo ulizofanyia kazi zisioshwe pamoja na za watoto. Unaponunua viatu vipya uliza kama havina asbesto, na vile vya zamani vilivyokaa stoo ya babu tangu enzi za magendo usivifunge kwa sababu tu ni halisi.

Na petroli isivutwe kwa mdomo. Tunajua kila mtu anafanya. Tone likiteremkia mapafuni linaweza kuua mtu mzima mwenye nguvu, na aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwa sababu ndipo inapoingia mapafuni. Mpira wenye pampu ndogo ya mkono unauzwa katika maduka ya spea.

Matawi ya Jinja na Mbale tunayaletea mapendekezo mawili. Kwanza, kila tawi linunue stendi nne za chuma na jeki moja nzuri, zikae kwa katibu, mwanachama aziazime kwa kuandika jina na kuzirudisha Jumatatu. Pili, tawi litoe daftari ndogo ambamo fundi wa uani ataandika jina la mwenye motokaa, siku ya kuanza, malipo waliyopatana na nani aliyeleta vyombo, na mwenye motokaa atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, fundi aandike hivyo hivyo mbele ya shahidi, na asifute jumbe za fedha katika simu. Anayeumia atoe taarifa kwa tajiri na kwa afisa wa kazi mara moja, asingoje mwezi upite.

Makatibu watuletee majibu ya wanachama juu ya bei ya stendi. Mbale wamekwisha kutuambia kwamba yuko mchomeleaji wa Kumi Road anayeweza kuzitengeneza kwa bei nafuu kuliko za dukani. Tunataka kwanza kuziona zikibebeshwa uzito wa 504 nzima, bila mtu chini yake.