Dakika Zinazopotea Baada ya Kilomita ya 30

Desemba 4, 2022, mjini Valencia, Hispania, Gabriel Geay wa Tanzania alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 3 kamili. Hakushinda. Alikuwa wa pili, nyuma ya kijana wa Kenya ambaye hakuwa amewahi kukimbia marathoni hata moja. Lakini Geay alikuwa amepunguza karibu dakika 2 kutoka muda wake wa zamani, saa 2:04:55, alioukimbia Milan mwaka 2021, na papo hapo akaweka rekodi ya taifa. Ndiyo raha ya mchezo huu. Maelfu wanaanza pamoja, mshindi ni mmoja, na bado wengi wanaondoka na furaha ya kweli kwa sababu wamekimbia kwa kasi kuliko walivyowahi kukimbia maishani mwao.

Kijana aliyemtangulia Geay aliitwa Kelvin Kiptum, na alikuwa ametimiza miaka 23 siku mbili kabla. Anayetaka kujua muda bora unapatikanaje hana haja ya kwenda mbali. Azitazame mbio zake tatu tu.

Valencia alikimbia nusu ya kwanza kwa dakika 61 na sekunde 38, na nusu ya pili kwa 60:15. Jumla, saa 2:01:53. Aprili 2023, London, nusu ya kwanza ilikuwa 61:40, ya pili 59:45. Jumla, 2:01:25. Oktoba 8 mwaka huohuo, Chicago, alianza kwa 60:48 na kumaliza kwa 59:47. Jumla, saa 2:00:35, na rekodi ya dunia ikawa yake. Mara zote tatu, nusu ya pili ilikuwa ya kasi zaidi kuliko ya kwanza.

Saa 2:00:35 maana yake ni kila kilomita kwa dakika 2 na sekunde 51. Kwa lugha ya uwanjani, ni mita 100 kwa sekunde 17 hivi, kisha nyingine, kisha nyingine, zaidi ya mara 420 bila kupumzika. Vijana wengi wenye afya wakijikaza wataweza mita 100 za kwanza. Wachache watafika ya nne. Na Kiptum aliikaza zaidi kasi hiyo pale ambapo wengine huanza kuvuta miguu: kule Chicago, kutoka kilomita ya 30 hadi ya 40, alitumia dakika 27 na sekunde 52.

Eliud Kipchoge, ambaye rekodi yake ndiyo iliyovunjwa siku ile, alikuwa ameiweka Berlin mwaka 2022 kwa njia tofauti. Alipita nusu kwa 59:51, kasi ya kutisha, kisha akalipa: nusu ya pili ilimchukua 61:18. Alimaliza kwa 2:01:09 na dunia nzima ikashangilia, kwa haki kabisa. Lakini ukiziweka hesabu hizo mbili kando kwa kando unaona sekunde 34 zilipotoka.

Kwa nini nusu ya pili iwe ngumu hivyo? Jibu liko kwenye misuli na ini. Mwili huhifadhi sukari ya akiba, na akiba hiyo haizidi sana kalori 2,000. Mtu wa kilo 60 hutumia takriban kalori 60 kwa kila kilomita, kwa hiyo marathoni nzima ya kilomita 42 na mita 195 inamdai kama kalori 2,500. Pengo hilo hufidiwa na mafuta ya mwilini, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kutosha, ila mafuta huungua taratibu. Kadiri mtu anavyoongeza mwendo ndivyo mwili unavyotegemea sukari zaidi. Aliyeanza kwa pupa huimaliza mapema, na kati ya kilomita ya 30 na ya 35 anakata moto: miguu inakuwa mizito, mawazo yanavurugika, mwendo unageuka kuwa kutembea.

Chukua mkimbiaji wa kawaida, karani au mwalimu, anayetaka kumaliza kwa saa 4. Anatakiwa kukimbia kila kilomita kwa dakika 5 na sekunde 41. Asubuhi ya mbio muziki unapigwa, watu wanashangilia, miguu imepumzika, naye anajikuta anakimbia kwa dakika 5 na robo bila kusikia uchovu. Akifika nusu amejiwekea akiba ya kama dakika 9 na anaona mambo yamenyooka. Kilomita 10 za mwisho zikimlazimisha kwenda kwa dakika 8 kila moja, amepoteza dakika 23. Zile 9 hazimwokoi. Kosa hili linaumiza kuliko mengine yote, maana aliyelifanya huwa amejiandaa kwa miezi kadhaa na nguvu anazo. Amezitumia tu saa isiyo yake.

Ndiyo maana mazoezi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni ya mwendo wa pole. Makocha wengi husisitiza kasi inayomruhusu mtu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, na mara moja kwa wiki safari ndefu inayoongezwa kidogo kidogo hadi kilomita 30 hivi. Humo misuli hujifunza kutumia mafuta vizuri zaidi. Wiki mbili au tatu za mwisho mazoezi hupunguzwa, jambo ambalo wengi hawalipendi kwa sababu wanajiona wavivu. Siku ya mbio, aliyezoea hunywa au kula gramu 60 za sukari kwa saa, wengine hadi 90. Tumbo nalo linahitaji mazoezi. Anayejaribu kinywaji kipya siku hiyohiyo ataishia kutafuta choo. Na maji matupu yakinywewa kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, hatari inayoweza kuua.

Kiptum mwenyewe alikuwa na namna yake. Kocha wake, Gervais Hakizimana, Mnyarwanda aliyemfahamu tangu Kiptum akiwa mtoto anayechunga mifugo na kuwafuata wakimbiaji kwenye njia za Chepkorio, alieleza kwamba mwanafunzi wake alikuwa akikimbia kilomita 250 hadi 280 kwa wiki, na wakati mwingine kupita 300. Hakizimana alikuwa na hofu na mzigo huo na aliisema hadharani. Asiye na mwili ule, wala malezi yale ya nyanda za juu, asijaribu kumwiga. Hatukupata kujua angefika wapi: Februari 11, 2024, siku chache tu baada ya rekodi yake kuidhinishwa rasmi, wawili hao walifariki katika ajali ya gari kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kaptagat. Kiptum alikuwa na miaka 24.

Njia nayo ina sauti kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Valencia na Berlin ni tambarare na baridi yake ni ya wastani, ndiyo sababu wanaosaka muda hukimbilia huko. Boston huteremka mno na mwisho wake uko mbali mno na mwanzo, kwa hiyo muda wa saa 2:03:02 alioukimbia Geoffrey Mutai mwaka 2011 haukuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia, ingawa ulikuwa wa kasi kuliko rekodi iliyokuwapo. Kilimanjaro Marathon ya Moshi iko upande mwingine kabisa: jua la Februari, na nusu ya pili inayopanda kuelekea Mweka ndipo iteremke. Aliyekimbia saa 4 na nusu pale pengine ana uwezo wa kukimbia saa 4 na kidogo kwenye njia tambarare ya asubuhi yenye ubaridi. Asijihukumu kwa saa ya mkononi pekee. Muda wa Moshi ulinganishwe na muda wa Moshi.

Alphonce Simbu analifahamu hilo vizuri. Muda wake wa saa 2:04:38 aliupata Valencia, Desemba 2024. Septemba 15, 2025, kwenye mashindano ya dunia jijini Tokyo, katika joto na unyevunyevu mzito, alitumia zaidi ya dakika 5 juu ya huo, saa 2:09:48. Alikaa ndani ya kundi kilomita baada ya kilomita bila kujionyesha. Walipoingia uwanjani Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele yake, na mita za mwisho Simbu akamfikia. Wote wawili waliandikiwa muda uleule, na ikabidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe: Simbu alikuwa ametangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha.