Asilimia 112

Zoezi ninalolipenda kuwapa vijana wanaosomea utumishi wa umma ni la zahanati ya kubuni, katika kijiji cha ndani huko Chamwino, mkoani Dodoma. Lengo la mwaka: watoto 200 wa chini ya mwaka mmoja. Waliochanjwa: 224. Kiwango cha chanjo?

Mia na kumi na mbili kwa mia. Darasa hucheka. Kisha mmoja, mara nyingi aliye hodari wa kompyuta, hufuta 112 na kuandika 100 ili taarifa ipendeze. Huyo ndiye anayenitia hofu, maana kesho atakuwa afisa.

Hesabu haina kosa. Kitabu cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, pale zahanati huenda nacho hakina kosa; muuguzi ameweka alama moja kwa kila mtoto aliyemwona. Shida iko chini ya mstari, kwenye ile namba ambayo tangu shule ya msingi tunaiita asili. Nani alisema watoto ni 200? Kwa kawaida ni makisio: sensa iliyopita, ikaongezewa kasi ya ukuaji.

Sasa tazama Dodoma. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa na watu 2,083,588. Ya Agosti 2022, watu 3,085,625. Ni ongezeko la asilimia 48, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37. Aliyeikuza namba ya 2012 kwa kasi ya taifa angewaacha nje watu zaidi ya 220,000. Hao wana watoto, wanakunywa maji, wanahitaji madawati. (Na sizungumzii mama wa kijiji jirani anayevuka mpaka kwa sababu zahanati hii iko karibu zaidi.)

Kinachokera ni kwamba asili ikiwa ndogo, sifa huwa kubwa. Huenda watoto halisi ni 280. Basi waliochanjwa ni asilimia 80, na 56 hawajafikiwa. Ile 112 ilikuwa imewaficha, na 100 ya kupaka rangi ingewazika kabisa.

Kwa hiyo somo la kwanza silianzii maabara ya kompyuta. Wanafunzi huenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba rejesta ya wakazi, wakachagua kitongoji kimoja, wakapita na mwenyekiti wake nyumba kwa nyumba. Wakirudi na namba mbili zisizolingana, ndipo tunawasha mashine.