Ugonjwa wa Usingizi: Usijifiche Siku ya Kupimwa

Ugonjwa wa usingizi huletwa na mdudu mdogo sana, ambaye nzi wa tse-tse humtia katika damu. Kwanza mtu huona homa, kichwa huuma, tezi za shingo huvimba. Baadaye mdudu huingia katika ubongo. Mgonjwa husinzia mchana, usiku hapati usingizi, na mwenendo wake hugeuka. Watu husema amelogwa, sivyo. Asipotibiwa, hufa.

Mwaka 1998 walionekana katika Kongo wagonjwa zaidi ya 25,000. Mwaka 2023 hawakufika 500. Kazi hii ni ya wengi. Waganga wa Kongo na wenzao wa nchi nyingine walijaribu pamoja vidonge vya feksinidazoli, vilivyokubaliwa Kongo mwaka 2018. Humezwa kwa siku 10, baada ya kula. Aliyezidiwa sana hupewa dawa nyingine. Tena, wataalamu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, hutia katika kompyuta hesabu ya waliopimwa na waliougua, wapate kujua ni wapi ugonjwa ungali unaenea, na ni njia gani itaumaliza.

Lakini kompyuta haimjui mtu asiyepimwa. Waweza kuwa na mdudu miezi mingi bila kujisikia mgonjwa. Ukijificha shambani, kijiji chako kitahesabiwa kuwa salama, na nzi atamtoa mdudu kwako na kumpelekea mtoto wako. Kwa hiyo njoo upimwe, wewe na watu wote wa nyumba yako.